Nguzo Iliyopakwa Chokaa

Mpaka leo nikiona mawe yamepangwa kando ya barabara na kupakwa chokaa, damu inanichemka. Watu wa hapa Rusizi wananijua: karani wa ushirika wa mpunga wa Bugarama, mama mwenye mdomo usiotulia, anayegombana na madereva wa malori na wapima mizani bila kuchoka. Wakiniona nayatazama mawe hayo kwa macho makali, wanacheka, wanasema leo kaamka vibaya. Waache wacheke. Hasira hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, ndiyo maana nataka kuieleza yote bila kujipamba.

Ilikuwa mwaka ule tulipoambiwa kwamba mkutano wa watumiaji wa kompyuta kuu utafanyika kwetu. Kompyuta kuu si ile ya mezani. Ni maelfu ya kompyuta zilizounganishwa ndani ya jumba la baridi, katika nchi ya mbali, na watu wa vyuo na ofisi za huku kwetu huitumia kwa mtandao. Huyu anahesabu gesi iliyolala chini ya Ziwa Kivu, yule anahesabu volkano za upande wa Goma, mwingine mvua. Mara moja kwa mwaka hukutana mji fulani, wakaonyeshana kazi zao na kugombania zamu za mwaka unaofuata. Safari hii walichagua Kamembe, hoteli ya kando ya ziwa, kwa sababu mojawapo ya hesabu walizojivunia sana ilikuwa yetu sisi, hesabu ya maji ya Bugarama.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwenye ukingo wa mto Rubyiro, pale mashamba ya mpunga yanapoanza, kuna nguzo ya saruji yenye mistari na namba nyekundu. Kila asubuhi na kila jioni mama mmoja alishuka mtoni, akatazama maji yamefika namba gani, akanipigia simu. Mimi niliiandika namba hiyo kwenye kompyuta ya ofisi na kuituma. Baada ya saa chache jibu lilirudi: tulieni, au kesho maji yatavuka tuta. Jibu likiwa baya, tuliwapigia watu wa msikiti na watu wa parokia, vipaza sauti vikatangaza, na kila mmoja akakimbia kukusanya mpunga wake uliokuwa unakauka juu ya maturubai. Misimu kadhaa ilipita hivyo na mpunga wetu ulikauka salama.

Mama huyo sote tulimwita Maman tu. Mjane, Mwislamu, umri wa kunizaa. Hakuchaguliwa kwa sababu ya shule. Alichaguliwa kwa sababu kipande chake cha mpunga ni cha mwisho kabisa, kinapakana na mto, na maji yakija humkuta yeye kwanza. Alilea wajukuu watatu kwa kipande hicho, na msimu ule mpunga wake ulikuwa umekubali kuliko miaka yote niliyomjua.

Basi ushirika ukanitia kwenye kamati ya mapokezi. Walisema mimi nazijua lugha: Kinyarwanda cha nyumbani, Kifaransa cha shule, na Kiswahili cha pande zote mbili za daraja la mpaka wa Kongo, maana mama yangu aliolewa huku akitoka Bukavu. Tulikaa vikao wiki baada ya wiki. Hakuna hata siku moja mtu aliyetaja maji. Tulijadili rangi ya mishanana, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, watakayovaa wasichana wa protokoli. Tulijadili kama mishikaki iwe ya mbuzi peke yake au na samaki pia. Tulibishana asubuhi nzima kama wacheza ngoma waingie kabla ya mgeni rasmi au baada yake, na mzee mmoja alikasirika akatoka nje, akarudi chai ilipoletwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa na neno moja tu, nalo ni aibu. Wageni wasikute aibu. Choo kile ni aibu. Banda la mama muuza ndizi pale kona ni aibu, lisogezwe. Nilimchukia kwa neno hilo, lakini nisijifanye mtakatifu, maana na mimi lilikuwa limeniingia. Wageni wakija kwako unafagia mpaka nyuma ya nyumba ambako hawatafika. Ndivyo tulivyolelewa.

Kwenye kikao cha mwisho alisema njia yote ya wageni, kutoka hotelini mpaka Bugarama watakakokwenda kuangalia nguzo yetu, ing'ae. Chokaa tunayo ya kumwaga, machimbo yako jirani. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya kazi za umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Niliandika: mawe, mashina ya miti na nguzo zote za kando ya njia ya wageni zipakwe chokaa. Nguzo zote. Niliandika kwa mkono wangu, nikapiga muhuri, nikaituma kwa viongozi wa vijiji, nikaenda kushona mushanana wangu.

Jumamosi hiyo nilikuwa Kamembe nikipanga beji mezani kwa herufi. Watu wa Bugarama walifanya walichoambiwa. Walipaka mawe, walipaka mipapai, nasikia hata mbuzi aliyefungwa karibu na njia alipona kwa sababu alipiga kelele. Walipofika mwisho wa njia wakakuta nguzo imesimama mtoni, wakaingia majini mpaka magotini na kuipaka pia, juu mpaka chini, kwa bidii ya watu wanaosubiri wageni.

Jumapili asubuhi nilikuwa darajani kupokea wageni waliokuwa wanavuka kutoka Bukavu kwa miguu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwalimu wa hisabati, mfuko begani, viatu vya chini, mtu asiye na makuu. Nilimvalisha beji, nikampa maji. Alinisalimia kwa Kiswahili cha kwa mama yangu, akauliza, "Ule Maman wa nguzo nitamuona? Mimi natumiaka namba zake kila siku." Nikamwambia atamwona Jumanne. Alifurahi kama mtu aliyeahidiwa kupelekwa kwa ndugu.

Hapo hapo simu ikalia. Ni Maman.

"Mtoto yangu, bamepaka nguzo yangu chokaa. Namba hazionekane."

"Nani alipaka?"

"Batu ba umuganda. Banasema ni liste ya kamati."

Nikamuuliza kama amejaribu kusugua. Akasema amesugua tangu jana jioni kwa nyuzi za mgomba, chokaa imetoka kidogo, lakini rangi nyekundu ya zamani imetoka nayo. Nguzo imebaki nyeupe tu. Jana jioni hakutuma kitu, nami katika pilikapilika zile sikutambua. Akauliza, "Sasa nitume nini?"

Majibu mazuri yalikuwepo. Ningemwambia asitume kitu. Ningemtuma mtu wa pikipiki kutoka Muganza, pale jirani na Bugarama, na futi ya fundi, apime upya, achore mistari kwa rangi yoyote. Ni kazi ya nusu siku. Lakini Jumatatu, siku ya ufunguzi, namba ya Bugarama ilikuwa itokee kwenye skrini kubwa ukumbini, mbele ya wageni wote na mgeni rasmi. Pakiwa patupu, kila mtu angeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa orodha yenye muhuri wangu. Mbele yangu walikuwa wamesimama wageni sita na masanduku yao.

Nikamwambia, "Kadiria, Maman."

"Mimi sikadiriake," alisema. "Naona kwanza, njo nasema."

"Unaujua mto huo kuliko nguzo. Kadiria tu, ni siku mbili."

"Na kama nakosea?"

Nikapandisha sauti, mbele ya watu, darajani. "Maman, wageni wamefika. Usinitie aibu." Neno lile lile la mwenyekiti, lilitoka kinywani mwangu bila kukwama. Maman akanitajia namba kwa sauti ndogo, nami nikaiandika kiganjani kwa kalamu ya beji, na nilipofika hotelini nikaituma.

Jumatatu tulimsubiri mgeni rasmi asubuhi nzima. Watu wenye kazi zao, waliotoka mbali, walikaa wameshika kalamu, na hakuna aliyeruhusiwa kuanza kwa sababu viti vitatu vya mbele vilikuwa vitupu. Wasichana wa protokoli walisimama kwenye viatu virefu mpaka mmoja akaanza kutetemeka miguu. Nikamwambia akae. Mwenyekiti akamwambia asimame. Hatimaye mgeni rasmi akaingia, tukasimama, tukakaa, tukasimama tena, ngoma ikapigwa, yakasomwa majina ya wakubwa wote waliohudhuria na ya wengine ambao hawakuhudhuria.

Ndipo mhandisi mkuu wa kompyuta ile, mgeni kutoka ng'ambo, akawasha skrini. Ikatokea ramani ya bonde letu, kila mfereji, kila tuta, na pembeni namba ya asubuhi hiyo, ambayo Maman alikuwa amenitajia kwa kubahatisha kulipopambazuka. Chini yake liliandikwa jibu kwa kijani: hakuna hatari. Akasema kwa Kifaransa kwamba mashine kubwa namna ile haiwezi kitu bila jicho la mama mmoja aliyesimama mtoni. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi, Mungu ananiona.

Jioni Maman akapiga tena. Hakuwa na sauti yake.

"Maji imebadilika rangi," alisema. "Iko nyekundu. Naona kama kule juu, upande wa Nyungwe, kuko mvua mingi. Imepanda, lakini sijue imepanda namna gani."

Nilikuwa nimeshika sahani, kwenye bustani ya hoteli, mishikaki inanukia, mwenyekiti ananiita kwa mkono nije nitafsiri salamu za mtu. Nikamwambia aongeze kidogo juu ya namba ya asubuhi.

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo, Maman. Wewe ongeza kidogo."

Ile kidogo niliituma nikiwa nimesimama, kwa kidole kimoja, sahani mkono wa pili. Jibu likarudi kijani. Kule Bugarama watu walipouliza ofisini kama kuna hatari, waliambiwa kompyuta imesema hakuna. Wakauacha mpunga wao juu ya maturubai kando ya tuta ili jua la Jumanne liumalizie.

Jumanne asubuhi tulipanda mabasi mawili kushuka Bugarama. Mimi nilikuwa mkalimani wa basi la kwanza, kipaza sauti mkononi, mushanana begani. Niliwaonyesha wageni milima, niliwaonyesha moshi wa kiwanda cha saruji, nikawachekesha. Mawe meupe yalitusindikiza njia nzima, na mgeni mmoja akasema nchi hii ina utaratibu. Nikamshukuru.

Tulipofika chini, hapakuwa na ngoma. Maji yalikuwa yamevuka tuta alfajiri. Watu walikuwa ndani ya maji mpaka viunoni, wanaume kwa wanawake, wanavuta maturubai, wanachota mpunga kwa vikapu, kwa masufuria, kwa vitenge. Mpunga ulikuwa unaelea na kwenda zake kuelekea Burundi. Wacheza ngoma wenyewe walikuwemo, na nguo zao za kuchezea, kwa sababu na wao ni wakulima.

Mwenyekiti alishuka, akatazama, akaja kwangu akanong'ona, "Waambie watoke, wajipange. Wageni wamefika."

Nikamwambia, "Ingia ukawaambie wewe, na hiyo suti yako." Nilisema kwa nguvu mpaka dereva akageuka. Nilidhani hasira ile ni ya haki. Nilijisikia mtu mwema kwa muda wa kama dakika moja.

Kisha mhandisi mkuu akauliza yuko wapi mama wa nguzo. Maman akaja, tope mpaka kifuani, kilemba kimeanguka shingoni. Kipande chake kilikuwa chini ya maji chote, na mpunga aliouvuna wiki iliyopita, wa wajukuu wake na wa msimu mzima, ulikuwa umekwenda. Mhandisi hakuwa mkali. Aliuliza kwa Kifaransa, polepole, namba za mwisho zilisomwaje, kwa sababu hazilingani na maji haya. Nikamtafsiria Maman swali.

Akajibu kwa Kiswahili, anamtazama yeye, si mimi. "Nguzo ilipakwa chokaa. Nikapiga telefone ku ofisi, nikasema sione namba. Ofisi ikaniambia nikadirie. Nikakataa. Ofisi ikaniambia nisiitie aibu. Njo nikakadiria."

Wote wakanigeukia, wanasubiri. Nilisikia sauti yangu mwenyewe inasema Kifaransa kizuri, cha darasani: nguzo ilipakwa chokaa kwa bahati mbaya, mama hakuona namba, akakadiria.

Basi. Hivyo tu. Mhandisi akatikisa kichwa kwa huruma, akasema si kosa lake mama, hakufundishwa, itabidi pawekwe kijana aliyesoma. Maman alikuwa anaangalia midomo yetu, anangoja nimrudishie jibu. Katika sentensi moja nilikuwa nimemnyang'anya kazi yake, na hakujua.

Mama mwalimu wa Bukavu alikuwa nyuma ya mhandisi. Nilikuwa nimemsahau. Alinisogelea, akasema taratibu kwa Kiswahili, bila kunitazama, kama mtu anayemwambia mwenzake nguo imefunguka mgongoni: "Dada, umeacha kipande. Utakisema weye, ao nikiseme mimi?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama yule kwa muda ule. Nilitaka kumwambia arudi kwao ng'ambo ya daraja. Lakini Maman sasa alikuwa ananitazama mimi, maana Kiswahili kile alikisikia chote.

Nikasema. Nilianza kwa Kifaransa, nikarudia kwa Kinyarwanda ili watu waliokuwa majini wasikie. Kwamba mama alikataa mara mbili. Kwamba ofisi ni mimi. Kwamba nguzo ilipakwa kwa orodha niliyoiandika mimi, na nilimlazimisha atoe namba asizoziona ili ukumbi usione pengo. Mwenyekiti alinivuta mushanana kwa nyuma ninyamaze, nikauondoa mkono wake. Mwanamume mmoja aliyeshika kikapu alitema mate majini, akaendelea kuchota.

Maman hakungoja nimalize. Alifunga kilemba chake, akashuka tena. Nilivua viatu nikamfuata, nikashika ncha ya turubai lake. Aliniacha nishike. Tulivuta pamoja mpaka adhuhuri.

Mkutano uliendelea siku mbili zaidi. Mishikaki ililiwa. Ripoti ya kamati ilisema wageni walipokelewa vizuri, na iliandikwa na mtu mwingine, kwa sababu mimi niliambiwa nipumzike. Wahandisi walizifuta namba zile za kukadiria, nguzo ikachorwa upya kwa rangi isiyotoka. Ushirika haukunifukuza. Nilitamani wanifukuze, ningepata mtu wa kumkasirikia. Kijana aliyesoma hakuletwa. Mama mwalimu aliandika barua, na wakulima wa kando ya mto walisema hawataki jicho jingine, wanataka la Maman. Msimu ule wajukuu wake walikula kwa majirani.

Siku hizi simu yake huja saa zile zile, asubuhi na jioni. Haulizi habari za watoto wangu. Anataja namba, halafu anasema, "Soma nisikie." Namsomea nilichoandika. Ananisikiliza kama mtu anayesikiliza mwizi akihesabu vitu alivyorudisha. Akiridhika anakata.

Mwezi uliopita nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Maman, nimeiandika kama ulivyosema. Niamini."

Akanijibu bila ukali wowote.

"Soma tena."

Nikasoma tena.